Osa Johnson: bunduki, kamera na vitabu vya watoto

Jina la Osa Johnson linasomeka kwenye majalada ya vitabu mara nyingi kuliko linavyosomeka chini ya picha, na ugumu wa kumweleza mwanamke huyu unaanzia hapo. Alikuwa Mmarekani kutoka jimbo la Kansas aliyeishi miaka mingi katika Kenya, Tanganyika na Kongo ya Kibelgiji kati ya mwaka 1921 na 1934. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo duniani waliojipatia riziki kwa picha za wanyama wa porini, na vilevile aliandika vitabu vya watoto vilivyowafundisha Wamarekani wengi wadogo kumwazia tembo, simba na gorila. Hata hivyo, mtu akiuliza ni picha ipi hasa aliyoipiga yeye, au ni sentensi ipi aliyoitunga kwa kalamu yake, majibu huanza kugongana. Kuna wanaomwona kuwa mke tu aliyesimama mbele ya kamera ya mumewe, na kuna wanaompa sifa ya kila kilichobeba jina lake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimekosea, kwa sababu picha zimempunjia haki yake, kumbukumbu zake za maisha zimemzidishia, na vitabu vya watoto vimekaa katikati, navyo ndivyo vinavyohitaji kusomwa kwa makini zaidi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1894 katika mji mdogo wa Chanute, Kansas, akaitwa Osa Leighty. Baba yake aliendesha treni za kampuni ya reli ya Santa Fe, na katika malezi yake hapakuwa na dalili ya safari za mbali. Mlango ulifunguliwa na Martin Johnson, kijana mwenzake wa Kansas aliyekuwa amemzidi miaka kumi hivi, ambaye kati ya mwaka 1907 na 1909 alikuwa baharia na mpishi katika jahazi la mwandishi Jack London lililoitwa Snark, lililozunguka visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Martin alirudi nyumbani na picha, akawa anazunguka mijini akizionyesha kwa kiingilio na kuzisimulia. Walioana Mei 1910, Osa akiwa na umri wa miaka kumi na sita. Kwa miaka kadhaa waliishi kwa maonyesho ya jukwaani, mume akieleza picha na mke akiimba nyimbo za Hawaii katika mavazi ya huko. Shule ya Osa ilikuwa hiyo: kabla hajagusa kamera alikwisha kujua kinachowafanya watazamaji wakae kimya na kinachowafanya washangilie.

Mwaka 1917 walikwenda visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu, na katika kisiwa cha Malekula walishikiliwa na watu wa chifu aliyeitwa Nagapate, wakaponea chupuchupu baada ya meli ya doria ya Waingereza kuonekana baharini. Filamu waliyoitoa mwaka 1918 iliuzwa kwa hofu ya watu wanaokula watu. Mwaka 1920 walikwenda Borneo, na huko ndiko walikoanza kuuelekeza mkono wao kwa wanyama. Aliyewageuza kabisa alikuwa Carl Akeley wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani jijini New York, mtaalamu wa kukausha wanyama kwa maonyesho, mchongaji na mvumbuzi, ambaye aliamini kwamba wanyama wa Afrika walikuwa wakipungua na kwamba kumbukumbu yao ilipaswa kuhifadhiwa katika filamu. Kwa ushauri wake, mwaka 1921 Martin na Osa walishuka Mombasa wakapanda treni kwenda Nairobi.

Ili kuelewa mchango wa Osa katika picha zilizofuata, ni lazima kwanza tuelewe jinsi picha ya mnyama wa porini ilivyopatikana wakati ule, jambo ambalo waandishi wengi wa maisha yake hulipita haraka mno.

Akina Johnson hawakuwa wa kwanza. Mjerumani Carl Georg Schillings alikwisha kupiga picha za usiku katika nyika za Kilimanjaro mwanzoni mwa karne, akitumia baruti ya kumulika na nyaya zilizokanyagwa na mnyama mwenyewe, na kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwastaajabisha wasomaji wa Ulaya. Mwingereza Cherry Kearton alipiga filamu Kenya mwaka 1909. Kila mmoja wao alipambana na vikwazo vile vile. Filamu ya enzi hiyo ilihitaji mwanga mwingi, na lenzi za kuvuta picha za mbali zilikuwepo lakini zilikula mwanga, zilitikisika kwa upepo na zilitia ukungu katika joto la mchana, kwa hiyo mpiga picha aliyetaka kuonyesha macho ya kifaru alilazimika kumsogelea kifaru. Kamera ya sinema ilisimama juu ya miguu mitatu na kuendeshwa kwa mkono, mkono wenyewe ukizungushwa kama mara mbili kwa sekunde, bila kuharakisha wala kulegea, kwa sababu mzunguko ukiyumba na mwendo wa mnyama kwenye pazia huyumba. Akeley alikuwa ameunda kamera yake ya duara iliyogeuka kwa ulaini kumfuata mnyama anayekimbia, na akina Johnson waliitumia. Lakini hata kamera hiyo ilimtaka mtu aweke jicho kwenye kitundu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzunguko.

Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kukimbia, na wala hawezi kuona kinachomjia kutoka ubavuni. Akiinua kichwa, picha imepotea; asipoinua, huenda yeye mwenyewe akapotea. Kwa hiyo picha ya karibu ya tembo au simba katika miaka ya 1920 haikuwa kazi ya mtu mmoja. Ilihitaji wa pili asimame hatua chache pembeni, bunduki begani, asome masikio na mkia wa mnyama, aamue ni lini kishindo ni vitisho tu na ni lini ni shambulio la kweli, na asifyatue risasi mapema, kwa kuwa risasi ya mapema ingeua mnyama bure na kuharibu filamu. Martin alikuwa mlengaji hafifu, na alikiri hivyo. Osa alikuwa mlengaji hodari, na kwa sehemu kubwa ya miaka yao Afrika nafasi hiyo ya pili ilikuwa yake. Nyakati nyingine walibadilishana, Osa akazungusha kamera, hasa pale Martin alipotakiwa kuonekana.

Namtaja kuwa mpiga picha kwa maana hiyo, na sioni kwamba ni kumpendelea. Umbali kati ya lenzi na mnyama, ambao ndio unaozipa picha hizo nguvu, uliamuliwa na imani ya Martin kwamba mkewe hatakosa shabaha. Lakini maandishi ya chini ya picha yalifuata desturi ya wakati ule, kwamba aliyezungusha kamera ndiye mwenye picha, na aliyeiwezesha akabaki msaidizi. Filamu nazo zilimchanganya mtazamaji zaidi, kwa sababu zilimweka Osa mbele ya kamera kama mwigizaji: mwanamke mfupi wa Kansas mwenye bunduki kubwa, anayetazamana na simba. Aliyekuwa akiitengeneza filamu akageuzwa kuwa sehemu ya vitu vinavyotazamwa ndani yake.

Bunduki hiyo ina upande mwingine ambao hauna budi kusemwa wazi. Akina Johnson walijitangaza kuwa wawindaji wa kamera, watu wanaoua kwa ajili ya chakula na kwa kujilinda tu. Lakini mnyama aliyesogelewa makusudi hadi akakasirika, kwa sababu watazamaji walitaka kuona kifaru akija mbio kuelekea kwenye lenzi, kisha akauawa alipokaribia mno, hawezi kuhesabiwa kuwa aliuawa kwa kujilinda katika maana ya kawaida ya maneno hayo. Baadhi ya picha zao mashuhuri zaidi zilipatikana kwa njia hiyo. Sifa ya Osa ya ushujaa na lawama ya vifo hivyo zinatoka kwenye tendo moja, na haifai kumpa moja tukamfutia nyingine.

Safari iliyowapa jina ilianza mwaka 1924 na kuendelea hadi 1927, nayo ilikuwa katika mlima Marsabit, kaskazini mwa Kenya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nairobi kwa barabara. Juu ya mlima huo wenye msitu, katikati ya nchi kame, kuna ziwa ndani ya shimo la volkano ambalo akina Johnson waliliita Ziwa Paradiso, na jina hilo la Kiingereza limebaki kwenye ramani mpaka leo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Marsabit. Makumbusho ya New York yaliidhinisha safari hiyo, kampuni ya hisa ikaundwa kuigharimia, na George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, akatoa dola 10,000. Eastman mwenyewe alikuja kuwatembelea mwaka 1926, akiwa pamoja na Akeley, ambaye miezi michache baadaye alifariki dunia katika mlima Mikeno huko Kongo.

Kambi ya Paradiso ilikuwa kijiji. Kulikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa kwa nyasi, maghala, bustani ya mboga, na chumba cha giza cha kusafishia filamu. Chumba hicho kilikuwa cha lazima, kwa kuwa filamu iliyokwisha kupigwa huharibika upesi katika joto na unyevu, na kuisubirisha miezi mingi ili isafishwe ng'ambo kungemaanisha kugundua makosa wakati nafasi imekwisha kupita. Walipoisafisha palepale, waliyaona makosa yao na kurudi porini kuyarekebisha. Martin alikesha katika chumba hicho. Osa ndiye aliyeiendesha kambi yenyewe: alilima, alivua samaki, aliwinda nyama ya kuwalisha makumi ya wafanyakazi, alisimamia chakula na tiba ndogondogo, na alfajiri alikuwa tayari kwenda maficho ya kupigia picha. Vitabu vya mumewe vinayataja mambo hayo kwa mapenzi, lakini kama sifa za mke mwema. Mimi nayaona kuwa ndiyo gharama halisi ya kila futi ya filamu iliyotoka Marsabit, kwa maana bila kambi kukaa miaka, tembo wasingezoeleka hata wakapigwa picha wakinywa maji kwa utulivu.

Wapo pia waliopunjwa zaidi ya Osa. Aliyewafikisha ziwani alikuwa kiongozi wa njia ambaye wao wameliandika jina lake Boculy, mtu aliyejua nyendo za tembo wa eneo hilo kwa kiwango kilichowashangaza. Na ziwa walilolieleza kana kwamba limegunduliwa lilikuwa likijulikana tangu zamani na Waborana, Warendille na Wasamburu waliochunga mifugo katika nchi hiyo. Wapagazi, wapishi, wabeba bunduki na walinzi wa usiku wanajitokeza katika vitabu vya mume na mke wote wawili kama watu wa kuchekesha, waoga leo na watiifu kesho, wasiokua. Mbeba bunduki aliyesimama nyuma ya Osa na silaha ya pili alikuwa katika hatari ile ile aliyokuwamo Osa, kwa mshahara mdogo na bila jina kwenye filamu. Tukishakubali kwamba picha ni kazi ya zaidi ya mtu mmoja, hatuwezi kuacha kuhesabu mara tu tukifika kwa mke wa mwenye kamera.

Filamu iliyotokana na miaka hiyo, iliyopewa jina la Simba, ilitoka mwaka 1928 na kupata mafanikio makubwa. Mtazamaji wa leo anapaswa kujua kwamba vipande vilivyopigwa siku na mahali tofauti viliunganishwa humo vikaonekana kuwa tukio moja, simba wa kipande kimoja akionekana kumshambulia mtu wa kipande kingine. Huo ulikuwa mtindo wa kawaida wa filamu za safari, na hauondoi thamani ya picha za tembo, twiga na pundamilia zilizomo. Unaondoa tu uhakika wa mtu anayetaka kuitumia filamu kama ushahidi wa jambo fulani alilolifanya Osa siku fulani.

Kutoka Marsabit tunafika kwenye vitabu vya watoto. Kitabu cha kwanza, Jungle Babies, kilitoka New York mwaka 1930, na cha pili, Jungle Pets, mwaka 1932. Vinahusu watoto wa wanyama, malezi ya mama zao na wanyama wachanga waliokaa kambini au waliosafiri na akina Johnson, kwani Osa hakuacha kufuga: tangu Borneo alikuwa na nyani mdogo wa jamii ya giboni aliyeitwa Kalowatt, na katika Afrika alilea wanyama wachanga wa kila namna. Wanandoa hawa hawakupata watoto, na waandishi wengi wamekimbilia kueleza vitabu hivi kwa jambo hilo moja. Maelezo hayo ni mepesi mno. Vitabu hivi vinaelezeka vizuri zaidi kwa kazi ya mwandishi wake. Mtu anayekaa maficho kwa saa nyingi karibu na maji, akisubiri, huona mengi ambayo kamera haiyanasi, na zaidi ya yote huona namna mama anavyoongoza mtoto wake: jinsi tembo anavyomsukuma ndama chini ya tumbo lake anaponusa hatari, na jinsi jike la nyani linavyomkaripia mwanawe. Mlinzi mwenye bunduki hana budi kuyajua hayo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mnyama mwenye mtoto ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Elimu iliyomlinda Martin ndiyo hiyo hiyo iliyogeuzwa kuwa hadithi za kabla ya kulala.

Ubora wa vitabu hivyo uko katika uangalizi huo. Udhaifu wao unajitokeza pale wanyama wanapopewa tabia za familia ya mji mdogo wa Kansas, mama mwenye nidhamu na mtoto mtundu anayejifunza kutii, hadi msomaji akasahau kwamba anasoma juu ya mnyama. Kuna udhaifu wa pili ambao kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mzito zaidi, nao ni kwamba porini pa vitabu hivi hakuna majirani. Mtoto wa Marsabit, ambaye aliwajua tembo hao kama wanyama wanaovunja ua na kunywa maji ya mifugo ya baba yake, hayumo humo kama msomaji wala kama mhusika mwenye akili yake. Nchi yake imeandikwa kuwa mahali pa wanyama na wageni. Picha hiyo ya Afrika iliingia vichwani mwa wasomaji wakiwa bado wadogo, ikakaa muda mrefu kuliko takwimu au habari yoyote waliyoisoma wakubwa.

Safari ya Kongo, kati ya mwaka 1929 na 1931, inaonyesha jinsi upole wa vitabu na ukali wa biashara ulivyokwenda pamoja. Walikaa katika msitu wa Ituri pamoja na Wambuti, wakabeba mitambo ya kurekodi sauti, na filamu yao ya Congorilla ya mwaka 1932 ni miongoni mwa filamu za kwanza zenye sauti zilizorekodiwa Afrika kwenyewe. Sauti hizo zina thamani ya kihistoria. Lakini katika filamu hiyo hiyo Wambuti wanapewa sigara kubwa na vibofu vya kupuliza, wanapigiwa muziki wa jazi wacheze, na mtazamaji anaalikwa awacheke. Osa yuko katikati ya mandhari hayo, anacheza nao. Ustadi wake wa jukwaani, alioupata akiimba nyimbo za Hawaii, ulirudi hapa kwa sura inayoumiza kuitazama.

Katika safari hiyo walikamata gorila wachanga. Wawili kati yao, Mbongo na Ngagi, walifikishwa katika bustani ya wanyama ya San Diego mwaka 1931, wakaishi humo mpaka Mbongo alipokufa mwaka 1942 na Ngagi mwaka 1944. Elimu ya leo kuhusu gorila inatufundisha kwamba familia yao hukaa pamoja na kuwatetea wadogo kwa nguvu zote, kwa hiyo kumkamata mtoto ni kulivunja kundi. Mwaka ule ule wa 1942 Osa alitoa kitabu cha watoto kuhusu gorila mdogo aliyeitwa Snowball. Ni kitabu cha mapenzi ya dhati, na siamini kwamba mapenzi hayo yalikuwa ya kuigiza. Aliwapenda wanyama aliowatoa porini, na hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana, kama ambavyo wengi wa kizazi chake hawakuona.

Sehemu ya safari za ndege naipita kwa ufupi, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi na mashabiki wake. Mwaka 1932 mume na mke walijifunza urubani nyumbani kwao Chanute, na katika mwaka 1933 na 1934 waliizunguka Afrika kwa ndege mbili za Sikorsky zinazotua majini na nchi kavu, moja ikiwa na madoa ya twiga na nyingine na milia ya pundamilia. Waliruka kiasi cha maili 60,000, wakapiga picha Mlima Kenya na Kilimanjaro kutoka angani pamoja na makundi makubwa ya wanyama wa nyika. Picha hizo za angani bado zina manufaa kwa yeyote anayetaka kujua sura ya nchi ilivyokuwa kabla ya mashamba na miji kupanuka.

Januari 1937 ndege ya abiria waliyopanda ilianguka karibu na Burbank, California. Martin alifariki dunia siku iliyofuata na Osa akaumia vibaya. Aliendelea na mihadhara waliyokwisha kuahidi, mwanzoni akiwa katika kiti cha magurudumu, na baadaye mwaka huo huo alirudi Afrika Mashariki akiwa mshauri wa kampuni ya filamu iliyokuwa ikitengeneza hadithi ya Stanley na Livingstone. Kuanzia hapo jina la Osa Johnson likawa biashara kamili. Wakala wake Clark Getts, ambaye baadaye alimwoa kisha wakaachana, alisimamia mihadhara, vitabu na hata wanasesere wa wanyama waliouzwa kwa jina lake.

Katika mazingira hayo kilizaliwa kitabu kilichomfanya mashuhuri kuliko vyote, kumbukumbu zake za maisha zilizotolewa mwaka 1940 kwa jina la I Married Adventure, zikaongoza orodha ya vitabu visivyo vya kubuni vilivyouzwa zaidi Marekani mwaka ule. Kitabu hicho kiliandikwa kwa sehemu kubwa na mwandishi wa kivuli, Winifred Dunn, mwanamke aliyekuwa amefanya kazi ya kutunga hadithi za sinema tangu enzi ya filamu zisizo na sauti. Jambo hilo halimfanyi Osa kuwa mwongo. Kumpa mtu mwingine kumbukumbu zako, barua zako na maandishi ya mumeo ili azisuke kuwa kitabu ulikuwa utaratibu wa kawaida wa wachapishaji, na bado ni wa kawaida. Lakini unabadilisha namna ya kukisoma. Mazungumzo yake yenye mkato mzuri, matukio yanayofikia kilele mwishoni mwa sura, na Osa mwenyewe kama msichana wa mji mdogo anayetamani jiko na mapazia lakini anamfuata mume kwenye hatari, yote hayo yana alama ya mkono wa mtunzi wa sinema. Atakayekinukuu kitabu hicho kama shajara anamnukuu Dunn bila kumtaja. Na hapa haki imegeuka: katika picha, mwanamke aliyefanya nusu ya kazi alibaki bila jina, na katika kitabu mwanamke mwingine aliyefanya sehemu kubwa ya kazi akabaki bila jina chini ya jina la yule wa kwanza.

Vitabu vya watoto vya miaka ya 1940 vilitoka katika kivuli cha mafanikio hayo: Pantaloons kuhusu mtoto wa tembo mwaka 1941, Snowball mwaka 1942, na Tarnish kuhusu mtoto wa simba mwaka 1944. Dunia ilikuwa vitani, safari za Afrika zilikuwa zimefungwa, na Osa hakuwa tena na kambi wala maficho ya kupigia picha. Vitabu vya mwaka 1930 na 1932 vilitoka wakati matope ya Marsabit na Ituri yalikuwa bado kwenye viatu vyake. Vya baadaye vimetengenezwa kwa kumbukumbu, na kwa soko lililokwisha kujua linachotaka kutoka kwake. Msomaji anayetaka kumsikia Osa mwangalizi wa wanyama namshauri aanze na vile viwili vya mwanzo.

Mwaka 1952 picha za zamani za mume na mke zilipangwa upya kuwa vipindi vya televisheni vilivyobeba jina la Osa, mapema kabisa katika historia ya vipindi vya wanyamapori. Alifariki dunia jijini New York tarehe 7 Januari 1953 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa Chanute. Mama yake alitoa mali alizokuwa nazo, na mwaka 1961 jumba la makumbusho la safari zao likafunguliwa katika mji huo kwa majina ya wote wawili, Martin na Osa Johnson. Wanaochapisha upya picha za Marsabit wangefanya vyema kuufuata mfano huo na kuandika majina yote mawili chini ya kila picha, na pale picha inapowaonyesha Boculy na wenzake, kuwataja kwa kazi waliyokuwa wakiifanya na kwa jina kila linapopatikana katika vitabu vya safari vyenyewe, kwa kuwa majina kadhaa yamo humo tayari.